Fedha za Kurwa, hofu juu ya Doto

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mapacha wa kike wa miaka saba, tunaishi Tanga. Kurwa aligundulika na saratani ya damu akiwa na miaka minne, baada ya kutibiwa malaria na taifodi wiki sita. Tulihamia Dar es Salaam kwa matibabu, na sasa ana miezi minane hajanywa dawa yoyote, vipimo vizuri, alhamdulillahi. Kaka yangu aliyeko Muscat alianzisha mchango wakati mtoto anaumwa. Zimebaki shilingi milioni sita na laki mbili, na watu bado wanatuma. Ndani yake kuna laki tisa ambazo waumini wa huko walisema ni zaka. Kaka anataka sasa tuchangishe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa huu. Jirani wanasema utafiti ni mambo ya Wazungu, tuwape watoto walioko wodini. Mume wangu anasema tuache kabisa, tusiutaje tena ugonjwa. Niko katikati. Na jambo lisilonipa usingizi: Doto naye si ataupata? Wanafanana kama shilingi kwa ya pili.
Mama Mapacha, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Mapacha. Umeweka fedha mbele na Doto mwisho, lakini miaka yote niliyokaa kliniki nimejifunza kwamba mama husema lililomleta akishajifunga kanga vizuri na kuaga. Kwa hiyo naanza na Doto. Fedha zitafuata, na utaona kuwa hatujahama kwenye mazungumzo yale yale.

Kwanza nikuulize mimi: walikuwa na kondo la nyuma moja au mawili? Itafute kadi yako ya kliniki ya ujauzito au karatasi ya kutokea wodi ya wazazi, mkunga huwa anaandika. Kama Kurwa na Doto ni wa mayai mawili, Doto kwa ugonjwa huu ni sawa na mdogo wake au dada yake mwingine yeyote. Hatari yake imezidi kidogo sana ile ya mtoto wa jirani, na lala usingizi wako. Kama ni wa yai moja na walichangia kondo, hapo kuna la kueleza.

Saratani ya damu aliyougua Kurwa, lukemia ya ghafla ya chembe nyeupe, kwa watoto wengi wa umri ule huanzia tumboni. Seli moja ya damu, katika kugawanyika, inakosea kunakili maandishi yake ya urithi: vipande viwili vya jeni vinakatika na kuungana pasipo pake. Hakuna aliyesababisha. Si chakula ulichokula, si dawa ya mbu, si jicho la mtu. Mapacha wanaochangia kondo huwa na vijia ambavyo damu ya mmoja hupita kwa mwenzake, na seli ile iliyokosea huvuka kwa njia hiyo hiyo. Wakazaliwa wote wawili wanayo. Lakini seli hiyo peke yake haitoshi kuleta ugonjwa. Linahitajika kosa la pili, linalotokea baada ya kuzaliwa, na hilo kila mtoto hulipata au kulikosa kivyake. Ndiyo sababu pacha mmoja akiugua akiwa na miaka miwili hadi sita, mwenzake wa yai moja huugua kwa kiasi cha mmoja katika kumi hivi. Tisa hawaugui. Na hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Doto ameshaivuka mitatu tangu Kurwa aanze kuumwa.

Kwa hiyo usikubali mtu amchome Doto sindano ya uboho ilhali ni mzima. Hakuna dawa ya kumpa kabla. Unachotakiwa ni kuzijua dalili, na wewe unazijua kuliko madaktari wengi wa wilayani: viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, mabaka ya bluu mwilini bila kuanguka, damu ya pua au fizi isiyokata, mifupa inayouma mpaka mtoto anaamka usiku au anachechemea, homa inayorudi kila ukimaliza dozi. Ukiona lolote kati ya hayo, dai picha kamili ya damu siku hiyo hiyo, na useme maneno haya kwa herufi kubwa: pacha wake aliugua lukemia. Homa ya siku moja ya mafua si dalili. Usimfanye Doto naye mgonjwa kwa kumpapasa viganja kila asubuhi.

Sasa hilo la mmoja katika kumi nimelitoa wapi?

Kulikuwa na familia moja Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. Binti yao, Susan Eastwood, alifariki kwa lukemia akiwa na miaka sita tu. Wakati ule karibu kila mtoto aliyeugua alifariki, na daktari hakuwa na la kumwambia mzazi zaidi ya kumpa pole. David na Hilda Eastwood hawakuwa wanasayansi. Mwaka 1960 waliamua kuchangisha fedha ili ugonjwa uliomchukua binti yao upate watu wa kuuchunguza, na mfuko wao ukakua, ukapata matawi ya watu wa kawaida waliochangisha mitaani kwao. Upo hadi leo kwa jina la Blood Cancer UK. Mwaka 1984 mfuko huo ulikuwa na kituo chake cha utafiti wa lukemia ndani ya taasisi ya saratani jijini London, na mkuu wake alikuwa Mel Greaves. Huyu bwana alivutwa na swali linalofanana na lako: kwa nini mapacha huugua pamoja, na kwa nini mara nyingi zaidi hawaugui pamoja? Alichunguza damu za mapacha. Yeye na wenzake wakarudi hata kwenye matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi siku za mwanzo za maisha ya watoto walioumwa miaka baadaye, wakaikuta ile seli iliyokosea imo mle. Wakakadiria kuwa kiasi cha mtoto mmoja katika mia huzaliwa na kosa moja la aina hiyo, na kwamba wengi mno kati yao hawataugua kamwe. Mwaka 2008 timu yao ilichapisha habari za mapacha wa Kiingereza wa miaka minne, mmoja mgonjwa, mwenzake mzima, na yule mzima akiwa na seli za hatua ya kwanza tu.

Kwa hiyo ukilala leo kwa sababu nimekuambia Doto ana tisa katika kumi, ujue mchango wa akina Eastwood umo humo. Wao binti yao hawakumpata tena. Jibu lao limekuja kuangukia Tanga.

Hata dripu na vidonge vya Kurwa vilitokana na utafiti wa namna hiyo. Unaikumbuka ile dawa nyekundu, iliyomfanya akojoe mkojo mwekundu ukapiga kelele wodini? (Kila mama hupiga kelele siku ya kwanza, usione haya.) Vile vidonge vya merkaptopurini ulivyokuwa ukivikata kwa wembe, nusu leo, kizima kesho, vilianza kutumika Marekani mwaka 1953, Gertrude Elion na George Hitchings waliovitengeneza walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Vinkristini ilitoka kwenye ua la Madagaska, lile la zambarau au jeupe linaloota lenyewe kwenye mchanga kando ya kuta huko pwani kwetu, ikaruhusiwa mwaka 1963. Nikiwa hapo niseme: msichemshe ua hilo mkanywa. Dawa hupimwa kwa miligramu, na ua bichi ni sumu. Na methotreksati, ile ya rangi ya njano aliyochomwa mgongoni, ni ndugu wa dawa ambayo daktari Sidney Farber aliijaribu Boston, Marekani. Mwaka 1948 aliandika habari za watoto 16 aliowatibu, 10 kati yao walipata nafuu ya muda. Ya muda tu. Lakini kabla ya hapo hakukuwa na dawa iliyowahi kuirudisha nyuma lukemia ya watoto namna hiyo.

Sasa jirani zako. Wana haki nusu.

Haki yao ni hii: milioni sita na laki mbili haziwezi kuleta dawa mpya duniani. Huenda kaka yako ameona habari za Emily Whitehead, binti wa Pennsylvania, Marekani, ambaye mwaka 2012, akiwa na miaka sita, alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa lukemia kwa chembe zake mwenyewe za kinga zilizofundishwa maabara kuishambulia. Alipona, na wazazi wake wakaanzisha mfuko. Ni habari ya kweli na ya kufurahisha. Lakini matibabu hayo yalipoidhinishwa mwaka 2017 yalitangazwa kwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Fedha yenu ikienda kule ni tone baharini, na mtoto wa Handeni haitamfikia katika uhai wangu.

Nusu nyingine wamekosea. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 liliweka lengo la kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Sasa fikiri. Dawa nyingi alizotumia Kurwa zilikuwepo kabla mimi sijazaliwa. Kama dawa ni zile zile, tofauti hiyo inatoka wapi? Swali hilo halitajibiwa London. Litajibiwa hapa, na bei yake si kubwa.

Nikupe mfano kwa macho yangu. Nilipokuwa daktari kijana kwenye wodi moja ya watoto, sitaitaja, tulikuwa na kaunta buku la jalada jeusi, kona zimelika, limefungwa kwa kipande cha bendeji. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, umri, mkoa, ugonjwa, tarehe ya kurudi. Safu ya mwisho ilikuwa ya hali yake, na kurasa baada ya kurasa ilikuwa na neno moja kwa biro ya bluu: hakurudi. Nimeliandika neno hilo kwa mkono wangu mara nyingi, nikafunga daftari, nikaenda kunywa chai. Hakurudi. Kana kwamba aliyekosa ni mtoto.

Alasiri moja sista wa zamu, mtu wa maneno machache, akakaa na daftari lile, miwani imeshuka puani, simu yake mwenyewe mkononi, vocha kanunua kwa fedha yake. Akaanza kuwapigia. Namba nyingi hazikupatikana. Waliopokea, aliandika majibu yao pembeni kwa penseli. “Amefariki, kabla ya Ramadhani.” “Bibi yake anasema nauli.” “Baba kakataa, anasema wamerogwa.” “Yuko shule, anacheza mpira, wanasema kapona.” Hilo la mwisho nililisoma mara tatu, halafu nikaliona tena mistari michache chini, na tena ukurasa uliofuata.

Unajua kwa nini. Mwezi wa kwanza wa matibabu ukiisha, kwa zaidi ya watoto tisa katika kumi ugonjwa hauonekani tena kwenye darubini. Nywele zinaanza kurudi, mtoto anaomba chipsi. Mzazi aliyeuza mbuzi wote anaona mtoto mzima mbele yake, na anaambiwa abaki miaka miwili na zaidi. Nani angebaki? Sisi tulimwambia “matibabu ya kuendeleza.” Neno hilo halimwambii mtu kitu. Sista yule ndiye aliyeanza kuwaambia ni kama ndago shambani: jani mmeling’oa, kiazi kiko chini, mvua ikinyesha mtaiona. Mkulima yeyote anaielewa ndago. Tukaanza kuandika namba tatu za simu badala ya moja, ya mzazi, ya jirani na ya balozi wa nyumba kumi, na kupiga siku mbili kabla ya tarehe. Waliorudi wakaongezeka. Hatukuandika popote, hilo ni kosa letu. Hospitali nyingine ilibidi ijifunze upya kutoka sifuri.

Ule ulikuwa utafiti, Mama Mapacha, wa penseli na vocha. Wenzetu wa Eldoret, Kenya, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, wameufanya kwa takwimu na kuuchapisha: walionyesha kwamba watoto wasio na bima huacha matibabu zaidi kuliko wenye bima. Linaonekana jambo la wazi, lakini waziri humwekei mezani jambo la wazi, unamwekea namba.

Eldoret hiyo hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Indiana, Marekani, waliuliza jingine ambalo mimi nalipenda zaidi. Vinkristini huleta ganzi ya miguu. Watoto wa Ulaya na Marekani wengine hushindwa hata kutembea vizuri. Watoto wa Kenya waliotibiwa walionekana kupata ganzi kidogo sana. Walipochunguza jeni zao wakaona wengi mno wana aina ya kimeng’enya cha ini inayoiondoa dawa mwilini haraka. Basi je, kipimo tunachowapa, kilichopangwa kwa miili ya watoto wa mbali, kinawatosha? Au dawa inatoka kabla haijamaliza kazi? Mtoto wa Boston hawezi kukujibia swali hilo hata akichangiwa mabilioni. Mwili wake si wenye swali.

Na hili la “mambo ya Wazungu” lina historia yake hapa hapa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakazunguka kama maili 10,000 kwa wiki kumi, hospitali kwa hospitali, kupita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, sehemu zile zile zenye malaria nyingi. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London vikafichua mwaka 1964 kirusi ambacho sasa kinajulikana kusababisha saratani kadhaa. Kweli alikuwa Mzungu. Lakini watoto walikuwa wetu, hospitali zilizojibu zilikuwa zetu, na safari ile haikugharimu mabilioni.

Jirani nao wasidharauliwe, wodini kuna shida isiyongoja. Jambo moja lisilohitaji hata senti ni damu. Kurwa aliongezewa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, mara ngapi? Chembe hizo hazihifadhiki zaidi ya siku tano hivi, kwa hiyo haiwezekani kukusanya mwezi huu zikatumika mwezi ujao. Watu wa mtaa wenu wanaotaka kufanya kitu wapelekeni Damu Salama, kwenye mpango wa taifa wa kuchangia damu, tena si siku moja ya picha na fulana, bali kwa zamu mwaka mzima. Hapo mtaa mzima unachanga na kaka yako hahitajiki.

Tuje kwenye fedha zenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Zilichangwa kwa nia gani? Aliyetuma kwa ajili ya matibabu ya Kurwa hakutuma kwa ajili ya maabara. Zilizobaki si zenu mpaka mmewauliza wenyewe. Kaka yako ana orodha kwenye simu. Aandike ujumbe mmoja wa wazi: mtoto amemaliza dawa, zimebaki kiasi hiki, tunapendekeza ziende mahali fulani, asiyeridhika arudishiwe. Wachache watajibu, na karibu wote watasema endeleeni. Lakini mmeuliza. Zile laki tisa za zaka ni habari nyingine. Mimi si shehe, ila nijuavyo zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na kompyuta ya watafiti haimo. Mtoto wa fukara asiye na nauli ya kurudi kliniki yumo. Mwulizeni mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kugusa, na mkipewa ruhusa ziende kwenye nauli na chakula cha wazazi wanaolala hosteli.

Zinazobaki, ushauri wangu ni kuzipeleka kwenye kazi ya kufuatilia watoto. Kiongozi wa kitengo cha saratani za watoto pale Kurwa alipotibiwa mwambieni hivi: tuna kiasi hiki, tunataka kujua kwa nini watoto wa mkoa wetu wanachelewa kufika na kwa nini hawarudi. Mkoa wa Tanga tu, usijaribu kubeba nchi. Swali la ukubwa huo fedha yenu inalitosha: simu, posho ya kijana wa kuingiza kumbukumbu kwa miezi kadhaa, nauli za kuwafikia familia ambazo simu hazipatikani. Na nyinyi wenyewe mna data ya kwanza: zile wiki sita za malaria na taifodi. Nani alimwona, alimpima nini, mlilipa kiasi gani, lini mtu alitazama damu kwenye darubini kwa mara ya kwanza. Sikuulizi hayo nikiwa msafi. Nimewahi kumtibu malaria mtoto mweupe pe, anayelia miguu, mara tatu mfululizo, na kipimo kilikuwa hasi mara mbili kati ya hizo.

Msitoe fedha mkononi mwa daktari yeyote, hata awe mwema kama nani. Kwenye hospitali ya umma ombeni namba ya malipo ya serikali, ile kontroo namba mnayolipia maji, na risiti. Ombeni barua ya ukurasa mmoja inayosema swali ni lipi, nani anasimamia, fedha inakwenda kwenye nini. Ulizeni kama wana kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au cha kamati ya hospitali. Utafiti wowote unaogusa watoto na taarifa zao unakihitaji, na mzazi ana haki ya kukataa bila matibabu ya mwanawe kupungua hata kidonge kimoja. Mtafiti atakayekereka kwa maswali hayo mwacheni. Na mwulizeni lini atarudi Tanga kuwaambia alichokiona. Hilo ndilo tunalolisahau sana sisi wenye makoti meupe.

Taasisi msianzishe. Najua kaka anataka, kila familia inataka, yenye nembo na jina la mtoto. Usajili, mkaguzi, ripoti za kila mwaka, na mwisho wa yote mama anakuwa mhasibu. Ulizeni wodini kama kuna chama cha wazazi au shirika linalosaidia watoto wenye saratani, mjiunge nalo. Pale Muhimbili, kwa mfano, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likifanya kazi hii kwa miaka mingi. Moyo ukiwa bado uko huko baada ya miaka miwili, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya mwanze taratibu.

Kuna jambo la picha. Nina hakika kwenye simu za watu huko Muscat kuna picha ya Kurwa hana nywele, mrija puani. Ilisaidia kupata fedha, sikulaumu. Mchango ukigeuka wa utafiti, iondoeni. Mwaka 1948 huko Boston, Farber na wenzake walichangisha kupitia redio wakimtumia mvulana mgonjwa wa miaka 12 aliyetaka televisheni ya kutazamia timu yake ya besiboli. Waliomba dola 20,000, mwaka ule zikaja zaidi ya dola 231,000. Lakini hewani walimwita Jimmy, na jina hilo halikuwa lake. Aliitwa Einar Gustafson. Alipona, akarudi kwao Maine, akawa dereva wa malori, akaoa, akazaa, na watu wengi waliamini Jimmy alikufa zamani mpaka alipojulikana hadharani mwaka 1998, kwa ridhaa yake, mtu mzima mwenye wajukuu. Miaka hamsini hakuna aliyemnyooshea kidole dukani. Sasa hivi Kurwa yuko darasa la kwanza au la pili, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata isingekuwapo, atakapokuwa na miaka kumi na tano hatapenda rafiki zake waione picha ile.

Baba Mapacha simwoni kama mpinzani. Ugonjwa haurudi kwa kutajwa, na hilo mwambie taratibu. Lakini mara nyingi nimeona baba ambaye wakati wa dripu alikuwa akikimbia huku na huko kutafuta damu na fedha, halafu mambo yakitulia ndipo anaanza kutetemeka. Kila mtu anayewapigia kuhusu mchango anamrudisha wodini. Wekeni siku moja kwa mwezi ya mambo ya mchango, jioni nyingine zote nyumba iwe ya watoto. Na kliniki za Kurwa mwende pamoja, kwa sababu miaka michache ya mwanzo baada ya kuacha dawa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa ugonjwa kurudi. Hilo yeye analijua, na huenda ndilo analolikimbia.

Ukimpigia kaka yako, anza na zile laki tisa, maana ndizo zenye masharti. Na kadi ya kliniki ukiipata, angalia walipoandika kondo. Kama mwandiko hausomeki mpelekee mkunga wa zahanati yenu, wao kwa wao husomeana.